Safari hii watalii wametoka Olbalbal

Mama mmoja wa Olbalbal, wilayani Ngorongoro, ameuza shanga kwa watalii kwa miaka kumi na miwili, na anawajua vizuri. Gari linasimama nje ya boma. Wanashuka, wanaimbiwa, wanaingizwa ndani ya nyumba kwa zamu, wanatoka macho yakiwatoka machozi kwa moshi. Wanapiga picha, wananunua bangili moja baada ya mabishano marefu, dereva anaangalia saa, wanaondoka. Wengine hawamalizi nusu saa. Usiku wakiwa hotelini juu ya kreta watasimuliana kwamba leo wamewaona Wamasai.

Kuna mtoto mmoja tu ambaye hajamsahau. Alikuwa msichana wa Kizungu wa miaka saba au nane, aliyekaa chini kwenye zizi la vitoto vya mbuzi akagoma kuondoka. Baba yake alimwita mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu akaja mwenyewe. Dereva akatafsiri huku anacheka: mzee anamwambia mtoto kwamba kreta kuna simba na faru, wanachelewa. Mtoto hakutaka simba. Kitoto cha mbuzi kilikuwa mapajani mwake kinamnyonya kidole. Mwishowe alibebwa analia hadi kwenye gari.

"Katika wote wale, yule ndiye aliyefika," mama huyo huwaambia wenzake kila hadithi hiyo inaporudi.

Basi likizo ya mwezi wa sita ilipokaribia, na yeye mwenyewe akawa anajiandaa kuwa mtalii kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa na sharti moja. Hawatatalii kama wale wa dakika ishirini.

Safari yenyewe haikuanza kwa furaha. Likizo iliyotangulia, kijana wao wa kidato cha pili alirudi nyumbani akatangaza kwamba mwaka ukiisha hataendelea na shule. Atakwenda Dar es Salaam kwa baba yake mdogo, atapata lindo, na baada ya misimu miwili atarudi na ng'ombe wake mwenyewe. Wenzake wawili tayari wamekwenda. Baba mdogo akija nyumbani huja na viatu vipya na simu kubwa, na zawadi za kila mtu. Nani angemkatalia?

Mzazi yeyote wa Umasaini anaijua habari hii. Kijana anaondoka na rungu na shuka, anakuwa mlinzi wa usiku mjini, au anauza dawa za mizizi, au anasuka nywele. Baba wa kijana alichukulia jambo lile kama vita. Alitaka kumkataza hata kulitaja jina la Dar. Mama akasema kinyume chake: apelekwe, wapelekwe wote, wakauone mji. Baba akaona mke wake amechanganyikiwa, kwamba kumpeleka ni kumsogeza karibu na shimo. Walibishana wiki nzima. Hatimaye dume moja likaenda mnadani Karatu, na fedha zake zikawa nauli ya watu watano: baba, mama, kijana, binti wa darasa la tano, na koko, bibi yao mzaa baba, ambaye alisema hawezi kufa bila kuyaona maji yasiyo na ng'ambo.

Baba, akiwa ameshindwa hoja, akajitwalia ratiba. Aliandika kwenye karatasi mambo kumi na moja ya kuona kwa siku mbili: Daraja la Tanzanite, Daraja la Kigamboni, Kariakoo, stesheni ya treni ya mwendokasi, Uwanja wa Mkapa, Coco Beach, Mlimani City, na mengine. Mama aliisoma karatasi ile, akauliza swali moja tu: "Na kula tutakula lini?"

Yakabaki mawili: bahari siku ya kwanza, Makumbusho ya Taifa siku ya pili. Kitu kingine chochote kingekuwa cha njiani. Kwa familia yenye mtoto wa miaka kumi na bibi wa miaka sabini na kitu, mawili kwa siku mbili yanatosha kabisa, na mzazi anayebisha ajaribu kumbeba mtoto aliyelala ndani ya mwendokasi saa kumi na moja jioni.

Waliondoka Olbalbal alfajiri ya Jumatano, wakavuka ukungu wa ukingo wa kreta, wakashuka geti la Lodoare hadi Karatu, wakalala Arusha kwa ndugu. Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi wakapanda basi. Ni zaidi ya kilomita 600, safari ya kutwa nzima. Koko hakulala hata dakika moja. Aliuliza mashamba ya katani ya Korogwe ni ya nani, na kwa nini mtu apande mkonge wote ule wakati kwao oldupai inajiotea yenyewe. (Oldupai ndiyo katani pori, na ndiyo iliyoipa jina korongo ambalo wageni waliandika vibaya wakaliita Olduvai.)

Walipofika Mkata binti aliona kibao cha Handeni, akabandika uso dirishani. Rafiki yake waliyekuwa wakikaa dawati moja alihamia Msomera na wazazi wake, na Msomera iko Handeni. Mama akamwambia ni mbali na barabara, hawezi kumwona. Binti akaendelea kutazama hadi miji yote ya Handeni ikaisha.

Baba mdogo aliwapokea stendi ya Mbezi usiku. Alikuwa amejiandaa: shati jeupe, viatu vile vipya, na bajaji mbili za kuwapeleka gesti Kimara. Alitaka awalaze kwake, lakini mama alikuwa ameshampigia simu wiki mbili kabla kuuliza nafasi ikoje, akamjibu kwa kigugumizi kwamba wanakaa wanne chumba kimoja. Hilo nalo lisemwe kwa wazazi wanaopanga safari kama hii: ndugu wa mjini apigiwe mapema na aulizwe kwa namna ambayo anaweza kusema hapana bila aibu. Gesti ya kawaida, vyumba viwili, ilikula sehemu kubwa ya dume. Lakini baba mdogo hakuabishwa mbele ya watoto wa kaka yake.

Ijumaa ilikuwa siku ya koko. Mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni huchukua muda mfupi kuliko daladala, ila asubuhi watu husimama wamebanana kama mbuzi kwenye lori la mnada. Walisubiri hadi saa nne, msongamano ulipopungua. Mama alikuwa amemwandika binti namba ya simu ya baba kwa kalamu ndani ya mkono, na walikubaliana kwamba atakayepotea asitembee, asimame pale pale hadi atafutwe.

Kivukoni, koko alisimama ukingoni mwa bandari akatazama. Akasema haya si maji aliyoambiwa, haya yana ng'ambo, anaona nyumba. Ikabidi waeleze kwamba ile ni mlango tu wa bandari, bahari kubwa iko nje. Mlango huo ndio uliomvuta Seyyid Majid, sultani wa Zanzibar, kujenga hapa katika miaka ya 1860, mahali palipokuwa na kijiji cha Mzizima. Meli zilijificha ndani zikatulia, na ndiyo maana ya jina Bandari Salama. Wajerumani nao wakauhamishia hapa mji mkuu wao kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kanisa lao la Azania Front lenye mnara na vigae vyekundu bado linatazama maji.

Vijana watatu waliokuwa wakipiga picha wakamwona koko na shuka lake na hereni zake. Wakaja mbio. "Bibi, shikamoo! Tupige picha na wewe." Koko akaitikia marahaba, akanyoosha mkono. "Elfu mbili." Vijana wakacheka wakidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Kwao ndivyo inavyofanyika. Baada ya mabishano marefu wakapatana: picha mbili kwa dafu moja. Koko alikunywa dafu lile kwa mashaka mwanzoni, kisha akauliza ni nani aliyeyatia maji ndani ya tunda.

Pantoni ya Magogoni iliwavusha Kigamboni, na kule, baada ya mwendo wa bajaji, walifika ufukweni. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Koko alikwenda polepole hadi maji yakamgusa miguu, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Ni chumvi!" Akageuka kwa hasira ya kweli. "Sasa ng'ombe wa huku wanakunywa nini?"

Walikaa saa nne mahali pale pale. Baba aliona ni upotevu, akataja Daraja la Kigamboni mara mbili, hakujibiwa. Binti alichimba shimo, akachomeka kijiti kwenye mstari wa maji, na baada ya chakula akakimbia kupiga kelele kwamba bahari imeondoka. Maji yalikuwa yakipwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba bahari hupwa na kujaa. Aligundua mwenyewe kwa kijiti chake. Akachomeka cha pili na cha tatu, na kila kijiti kikaachwa nyuma. Kama wangefuata karatasi ya kumi na moja, wangekuwa wameshaondoka kijiti cha kwanza kikiwa bado ndani ya maji.

Kijana alikaa pembeni na simu. Bahari ilimpendeza kwa dakika kumi. Alikuwa na lake.

Jumamosi walishukia Posta ya Zamani wakatembea kwa miguu. Penye Sanamu ya Askari koko alisimama, akamtazama yule mtu wa shaba mwenye bunduki. "Na huyu ni mlinzi?" Kijana akaenda kusoma maandishi, maana chini yake kuna Kiswahili pia. Sanamu hiyo ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari wa Kiafrika na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi hao ndio walioiachia Kariakoo jina, kutokana na neno la Kiingereza la kikosi chao. Baba mdogo, ambaye alikuwa ametoka lindo saa kumi na mbili asubuhi na macho yake yalikuwa mekundu, akasema amepita hapo mamia ya mara na hakuwahi kujua ni ukumbusho. Alidhani ni pambo.

Makumbusho ya Taifa yapo mtaa wa Shaaban Robert. Watanzania hulipa kiingilio kidogo, na wanafunzi kidogo zaidi. Kuna mengi: magari yaliyowahi kupanda viongozi, habari za Wajerumani na Maji Maji, ukumbusho wa mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa Agosti 7, 1998. Familia hii haikuyaona mengi kati ya hayo, kwa sababu binti alikwama.

Alikwama mbele ya fuvu. Analijua. Ameyaona yale mafuvu mawili makubwa ya kuchongwa kwenye njia panda ya Oldupai, barabara ya Serengeti, na siku zote alidhani ni mapambo ya wageni. Sasa akasoma jina la kwao kwenye kioo, mjini, mwendo wa siku mbili kutoka nyumbani.

Fuvu hilo lilionekana Julai 17, 1959. Mary Leakey alikuwa amekwenda kutembea korongoni na mbwa wake, wakati mumewe Louis akiwa kambini na homa. Aliona mfupa umechomoza kwenye mteremko, na kwenye taya meno makubwa kupita kiasi. Waliliita Zinjanthropus, kwa jina la zamani ambalo Waarabu waliiita pwani hii, Zinj. Lina umri wa takriban miaka milioni 1.75. Lilipelekwa Nairobi likachunguzwa, na mwaka 1965 likaletwa Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu huyu wa korongo linalomwaga maji yake Olbalbal alipewa jina la pwani, kisha akaletwa pwani kukaa.

"Kwa hiyo naye alihama kwetu," binti akasema. Mama hakujibu. Hakukuwa na la kujibu.

Mfanyakazi wa pale, alipoambiwa wageni hawa wametoka wapi, alifurahi akaja kuzungumza nao. Akawaonyesha magego mapana. Binti akasema ni kama ya ng'ombe. Hakukosea sana: wataalamu waliochunguza meno ya viumbe wa jamii hiyo wamekuta kwamba walikula sana nyasi na mimea kama ndago. Koko akataka aelezwe mara mbili. Mtu aliyekula nyasi, Olbalbal, kabla ya ng'ombe.

Kisha yule mfanyakazi akasema jambo lililomkata binti maini. Linaloonekana kwenye kabati ni mfano. Fuvu halisi limefungiwa mahali salama, halitolewi ovyo.

"Tumesafiri siku mbili kuona mfano?"

Akanyamaza kidogo, akauliza lingine. "Usiku analindwa na nani?"

"Kuna walinzi."

"Wamasai?"

Kila mtu akacheka, na baba mdogo akacheka kuliko wote. Kijana peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama baba yake mdogo, ambaye alikuwa ameegemea ukuta, na kabla kicheko hakijaisha vizuri alikuwa amefumba macho. Alisinzia amesimama, mbele ya watoto, na viatu vyake vipya.

Jioni hiyo kijana aliomba kwenda lindo. Baba akakataa. Mama akamtazama mumewe, akasema walikuja kwa ajili ya hilo. Ikakubaliwa akae hadi saa sita usiku, baba amfuate.

Lindo lenyewe ni duka la vifaa vya ujenzi, Kimara. Kiti cha plastiki, taa moja nje, rungu na tochi. Kijana alitegemea hadithi za wezi. Saa mbili za kwanza hakikutokea chochote, isipokuwa mbu. Baba mdogo alimwambia alikuja kwa msimu mmoja. Huu ni mwaka wa tisa. Alimwambia pia, bila kujisifu, kwamba tranka na godoro alilokwenda nalo shuleni vilitoka kwenye kiti hiki.

Ilipofika saa nne, mtaa ulipotulia, akatoa kitabu kwenye mfuko wa plastiki. Hisabati, kidato cha pili, cha mitumba, kurasa za mwanzo hazipo. Yeye aliacha shule kidato hicho hicho. Anataka kujiandikisha Mtihani wa Maarifa, ule wanaouita QT, ili baadaye afanye kidato cha nne kama mtahiniwa binafsi. Wenzake chumbani hawajui. Kaka yake hajui. Amefika mahali pa kutafuta x akakwama miezi miwili.

"Hebu nielekeze, maana huyu x anahama hama."

Baba alipokuja saa sita kumchukua mwanawe, hakuwakuta wakizungumza habari za ng'ombe wala za mshahara. Waliinamia daftari chini ya taa, kijana akimwambia baba yake mdogo kwa ukali wa mwalimu kwamba ukivusha namba upande wa pili lazima ubadilishe alama, nimeshakwambia. Baba akasimama kando ya barabara. Hakuwaita. Alikaa kwenye tofali, nje ya mwanga, hadi saa saba na nusu.

Jumapili walipanda basi. Koko alibeba chupa ya lita moja na nusu ya maji ya bahari, kwa sababu anajua majirani zake hawataamini hadi waonje. Kijana hakutoa tamko lolote kuhusu shule, na mama alimkanyaga baba mguu kila alipotaka kuuliza.

Jumatatu walisimama Karatu kununua sukari na sabuni kabla ya kupandisha getini. Kijana akasema anahitaji daftari la hisabati, la zamani limebaki Kimara. Baba akang'aka. Daftari bado lina kurasa kibao, limebakije? Lakini akaingia dukani, akamwuliza muuzaji bei.

"Chukua mawili," kijana akasema kutoka mlangoni.

"La pili la nani?"

"La kwake. Lile atalimaliza wiki hii."